Jiwe Lililopakwa Penseli

Wiki iliyopita vijana wawili walinijia hapa kwangu Buguruni na redio koli sita ndani ya mfuko wa rambo. Shikamoo Bibi, marahaba wanangu, mara wamekaa mkekani, kompyuta mapajani, waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye redio, wakabonyeza hapa na pale. "Tayari, Bibi," mmoja akasema. "Zilikuwa za kampuni ya ulinzi, sasa zinaongea masafa ya redio ya ridhaa." Maji ya chai niliyobandika yalikuwa hayajachemka.

Nikauliza, "Mmezijaribu?"

Huyu akashika moja, yule akashika nyingine, goti kwa goti juu ya mkeka mmoja. "Haloo, haloo, unanipata?" "Nakupata freshi!" Wakacheka. "Unaona, Bibi? Ziko poa kabisa."

Niliwafukuza. Sikuwatukana, lakini niliwafukuza, na chai hawakunywa. Walipofika barabarani nilijuta, maana hawakujua wamenitonesha kidonda gani. Ndiyo sababu nimechukua daftari hili. Nawaandikia ninyi wawili, na wengine wote mnaochukua redio za makampuni mkazigeuza kuwa za ridhaa. Someni mpaka mwisho, halafu mrudi mnywe chai yenu.

Kwanza mjue kwamba kazi mnayoifanya kwa kubonyeza, sisi tuliifanya kwa kusaga. Miaka ile ya ujamaa redio ya mkononi ilikuwa nzito kama tofali, na masafa yake hayakuandikwa kwenye programu yoyote. Yalitoka kwenye vipande vya kristali, vyembamba kuliko ukucha, kila kimoja kimefungiwa ndani ya kikopo cha bati. Sisi tuliviita mawe. Kila chaneli ilikuwa na mawe mawili, moja la kutuma na moja la kupokea. Hilo la mawe mawili lishikeni vizuri. Redio inaweza kusikia kila kitu na yenyewe isisikike na mtu yeyote.

Redio zenyewe zilikuwa za mashirika ya umma. Shirika likipata mpya, zile kuukuu zinaandikwa chakavu na kupigwa mnada, nasi tunazipokea kwenye ushirika wetu wa mafundi pale Gerezani, kati ya mchomelea vyuma na mziba rejeta. Wateja wetu walikuwa watu wa redio ya ridhaa, yaani wenye kibali cha kuzungumza hewani kwa kupenda tu, bila biashara. Walikuwa wachache mno. Wengi wao nilizijua sauti zao kabla ya sura.

Mawe mapya yaliagizwa ng'ambo, na fedha za kigeni zilikuwa adimu kuliko sukari. Sukari angalau ulipanga foleni. Kwa hiyo tulichukua jiwe lile lile la shirika, tukalifungua kikopo chake, tukalisaga hadi likafika kwenye masafa tunayoyataka.

Aliyenifundisha kusaga ni Mzee Jivani. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kariakoo, fundi saa aliyehamia kwenye redio, mtu wa vidole vilivyotulia na ulimi usiotulia hata kidogo. Nyumba ya baba yake ilipotaifishwa, watoto wake walikwenda ng'ambo. Yeye alibaki mpangaji wa vyumba viwili vya juu katika nyumba ile ile, peke yake, maana mkewe alikwisha kufariki. Tukimuuliza kwa nini hakuwafuata wanawe, alijibu, "Huko nani anaijua sauti yangu?" Mimi nilikuwa binti wa Masasi aliyemaliza kozi ya ufundi juzi juzi, nina cheti na kiburi, na mkono mwepesi kupita akili. Siku ya kwanza tu alinipa jina la Tekla Mbio, na ushirika mzima ukalichukua.

Kusaga jiwe kulikuwa hivi. Unachukua kioo cha dirisha kisicho na mkwaruzo. Unakwenda kwa mafundi magari unaomba unga wao wa kusagia vali, lakini huo ni mkali, utalimaliza jiwe kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo unauvuruga kwenye maji, unaacha mzito uzame, unamimina yale maji ya juu kwenye sahani, na kile kinachotua baadaye, laini kama wanja, ndicho cha kusagia. Unaliweka jiwe juu ya kioo, unaligusa kwa ncha ya kidole kimoja, unachora nane. Nane tano, unaosha, unapima. Nane tano tena, unaosha, unapima. Jiwe likipungua unene masafa yanapanda, nawe unapanda nayo taratibu hadi ufike. Ukipitiliza, basi tena. Hakuna anayeweza kulirudishia jiwe unene wake.

Na mikono iwe safi. Mara moja nilikula samaki wa kukaanga, nikajifuta kwenye gauni nikaona nimenawa, na kutwa nzima nikawa nagombana na jiwe ambalo kila nikilipima linasema jambo jingine. Mzee Jivani alikuja akalinusa. "Changu," akasema. "Wa jana." Akaenda zake. Ni kweli alikuwa changu na ni kweli alikuwa wa jana, na mafuta yake yalitosha kulivuruga jiwe.

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo kila fundi aliijua. Jiwe ulilolipitiliza unaweza kulipaka risasi ya penseli laini. Ule weusi unaliongezea uzito kidogo na masafa yanashuka. Mzee Jivani aliichukia penseli kuliko alivyouchukia mgao wa umeme. "Penseli kwenye jiwe ni poda kwenye uso," alikuwa akisema. "Jasho likija, inatoka."

Amri yake nyingine ilikuwa ya kona mbili, na hii ilitokana na kichekesho. Mfanyabiashara mmoja wa Moshi, mwenye duka la jumla pale sokoni, alikuja kuchukua redio zake mbili. Akaniachia moja, akavuka barabara na nyingine, akabonyeza na kuuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "UNANISIKIAAA?" Muuza mchele akamjibu, "Tunakusikia sote, bwana!" Mteja akarudi amefurahi kupita kiasi. Kumbe redio aliyoishika ilikuwa haina betri, nilisahau kuzitia. Tulicheka hadi mchomelea vyuma akazima moto wake aje aulize kulikoni.

Mzee Jivani hakucheka. Alitukalisha mafundi wote. Alisema hata ukitia betri, redio mbili zikikaribiana zitasikizana tu. Ya kutuma inaweza kuwa nje kabisa ya masafa, na ya kupokea bado ikaidaka kwa sababu ya ukaribu. Umbali ndio unaosema kweli. Kuanzia siku hiyo hakuna redio iliyotoka Gerezani kabla fundi hajaishika, akatembea, akapinda kona ya kwanza, akapinda ya pili, na kuzungumza akiwa mahali ambapo sauti ya kinywa chake haifiki.

Sasa niwaeleze kuitana. Kila siku saa kumi na moja jioni watu sita wa ridhaa tulikutana hewani, kwani wakati huo nami nilikuwa nimepata kibali. Mwalimu Sadiki, aliyefundisha fizikia na kuishi mbali kule Ubungo, ndiye aliyeanza kwa kupiga hodi, na kila mmoja akajibu kwa zamu. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida: duka gani limeshusha sabuni, nani mgonjwa, mvua imenyesha wapi. Lakini palikuwa na mwiko mmoja. Asiyejibu, jirani yake wa karibu anakwenda kumgongea mlango jioni hiyo hiyo. Aliyekuwa karibu na Mzee Jivani ni mimi. Kutoka chumba changu Gerezani hadi ngazi zake ni mwendo wa kumaliza muhindi mmoja wa kuchoma.

Macho yake yalianza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Wakati huo alikuwa amepata redio nyingine ya mnada baada ya ile yake ya zamani kufa. Jiwe la kupokea alilisaga mwenyewe, siku kumi, akiwa ameliinamia hadi pua inagusa kioo. Lilikuwa jiwe la mwisho kulisaga maishani mwake, na sijaona lililosagwa vizuri kuliko hilo. Jiwe la kutuma akanipa mimi. "Macho yamegoma," akasema. "Hili ni lako, Tekla. Polepole."

Nilipitiliza. Nilitaka kumwonyesha kwamba kazi yake ya siku kumi naimaliza kwa siku moja, nikapiga nane ishirini bila kupima. Jiwe la namna ile halikuwapo jingine. Hapo ningemwendea nikamwambia, Mzee, nimeharibu. Angenifokea wiki nzima, tungetafuta jiwe kwenye mnada mwingine, yangekwisha. Mficha uchi hazai, nami niliuficha. Nilitoa penseli kwenye droo, nikalipaka jiwe, masafa yakashuka hadi mahali pake, nikalifungia kikopo chake na kukilehemu pembeni, kikaonekana kama kilivyotoka kiwandani.

Tuliijaribu pale pale mezani, yeye na mimi, goti kwa goti. Ikasikika vizuri.

"Umetembea kona mbili?" akaniuliza.

"Nimetembea, Mzee."

Alinishukuru. Alinishika kichwani kama mtu anayebariki, akaondoka na redio yake kifuani.

Wiki ya kwanza alisikika. Ya pili, wenzetu wakaanza kulalamika kwamba sauti ya Mzee inakuja na mchanga. Nilijua mara moja. Joto la Dar na unyevu wake vilikuwa vimeanza kuitoa ile poda. Lakini nilibonyeza nikasema hewani, "Ni betri hizo, Mzee. Zianike juani." Betri zilikuwa za shida siku zile, kila nyumba ilizianika. Akafanya hivyo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alizipanga betri kwenye ukuta mfupi wa roshani yake, na kabla ya saa kumi na moja akazianua. Betri zake zilikuwa nzima. Nilimfanya mzee wa watu aanike betri nzima juani.

Jumamosi moja asubuhi alikuja karakana na redio yake, betri amezifunga kwenye leso. Mafundi wote walikuwapo. Hakupaza sauti.

"Tekla, umelipaka penseli jiwe langu?"

Nilitazama nyuso za wenzangu. Nilikuwa nimeshaanza kuitwa fundi mkuu. Nikasema, "Mzee, macho yamekwenda, sasa na masikio nayo? Redio nzima hiyo. Ni uzee tu unakusumbua."

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Mzee Jivani alisimama kidogo, akaifunga leso yake upya, fundo juu ya fundo, akatoka.

Jioni ile Mwalimu Sadiki alipiga hodi, sote tukajibu, Mzee hakujibu. Mwalimu akamwita mara tatu. Kisha akasema, "Tekla, wewe ndiye jirani. Hebu nenda kamtazame."

Nikabonyeza. "Amenuna huyo, Mwalimu. Asubuhi tumekorofishana. Akichoka kununa atajibu mwenyewe."

Jumapili ikawa hivyo hivyo. "Siku ya pili hii, binti yangu," Mwalimu akasema. "Ingekuwa kuna usafiri ningekuja mwenyewe."

"Namjua mzee wangu," nikamjibu. "Ananuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Tukimbembeleza tutamharibu." Wengine walicheka hewani. Tukaagana.

Ninachowaandikia hapa sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa na hofu ya kwenda. Nilijua kwamba nikimkuta ataniuliza tena lile swali, na uongo wa pili kwa macho yale yenye ukungu sikuwa na nguvu nao. Ndiyo maana nilimwita mnunaji. Lilikuwa neno jepesi zaidi.

Jumatatu kigoda chake pale karakana kilikuwa kitupu hadi saa nne. Niliacha kazi nikaenda. Niligonga, nikaita, kukawa kimya. Nikamfuata balozi wa nyumba kumi, tukapanda naye, akavunja komeo kwa bega.

Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango wa roshani, mguu umegeukia upande usio wake. Jumamosi alasiri alikwenda kuanua betri, akateleza. Chini ya vyumba vyake kulikuwa na ghala lililofungwa mwisho wa wiki, na barabarani kelele za Kariakoo, wachuuzi na mikokoteni, hata angepiga kelele nani angemsikia? Alijivuta hadi kitandani ilikokuwa redio, akaivuta shuka hadi redio ikaanguka karibu yake. Betri alizozianua alizitia moja moja akiwa amelala chini. Saa yake ya mkononi ilikuwa imefunguliwa na kuegemezwa kwenye mguu wa kitanda, mahali anapoweza kuiona kwa karibu. Redio ilikuwa imezimwa. Antena ilikuwa imevutwa hadi mwisho.

"Maji," alisema. Midomo ilikuwa imepasuka.

Jirani alitoa pikapu, tukampeleka hospitali. Redio ilibaki mikononi mwangu, na alasiri ile nikafanya nilichotakiwa kufanya majuma mengi nyuma. Nilimpa mchomelea vyuma redio yangu asikilize, nikashika ya Mzee. Pale mlangoni alinisikia vizuri. Kona ya kwanza, akasema baadaye, ulikuwa mchanga mtupu. Kona ya pili hakusikia kitu. Betri zilikuwa na nguvu bado. Nilipolifungua jiwe, vumbi jeusi lilikuwa limekaa chini ya kikopo, chembe chache tu, ungeweza kulipuliza likaisha.

Mzee Jivani hakuzipanda tena ngazi zile. Nyonga ilimlaza, kifua kikafuata, akatutoka kabla mtoto wake hajapata ndege. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu sikutoa redio mkononi mwangu bila kona mbili, jua au mvua, hata redio zilipoanza kuja za kompyuta na vijana wakawa wananicheka. Na penseli haikukaa tena kwenye droo yangu. Orodha ya vipuri niliiandika kwa kalamu ya wino.

Lakini sijafika mwisho. Siku ya tatu hospitalini tulikwenda kumwona sote watano wa saa kumi na moja. Mwalimu Sadiki alisimama upande wa kichwani, kofia mkononi, akawa analia waziwazi. "Tulikuita, Mzee," akasema. "Tulikuita siku zote mbili. Redio ilikuwaje?"

Nilikuwa miguuni mwa kitanda. Nilishika chuma cha kitanda kwa nguvu na kusubiri. Nilitaka aseme. Naapa nilitaka aseme, maana mimi mwenyewe mdomo ulikuwa haufunguki.

Mzee alitazama dari. "Betri," akasema. "Betri ziliisha."

Wakatikisa vichwa, wakalaumu betri za siku hizi, wakalaumu mgao, mmoja akasema ng'ambo kuna betri zinazokaa mwaka. Muuguzi akaja kusema muda umekwisha. Wakamuaga mmoja mmoja, wakatoka. Nami nilikuwa nageuka.

"Tekla."

"Naam, Mzee."

Aliniashiria niiname. Niliinama hadi sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Aliongea polepole, bila hasira, kama alivyokuwa akinieleza nane za kusaga.

"Jiwe la kupokea lilikuwa zuri. Niliwasikia wote," akasema. "Tekla, mimi sikununa."